Fungu la Mjane: Istilahi za Mirathi, Biashara na Utumwa katika Hati za Zamani za Marekani

Miezi michache iliyopita tuliletewa mezani petu tafsiri ya kurasa chache za historia ya Marekani, iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Kiswahili chake kilikuwa safi, sentensi zilinyooka, na mfasiri alionekana kuwa mtu makini. Lakini tulipofika katikati tulikutana na maneno yaliyotufanya tuweke kalamu chini: "watumwa wa mahari". Mfasiri alikuwa akieleza habari za George Washington, Rais wa kwanza wa nchi ile, na watu waliokuwa wakimilikiwa katika shamba la Mount Vernon, jimbo la Virginia. Alieleza kuwa Washington aliagiza watumwa wake waachwe huru, isipokuwa wale wa mahari.

Msomaji wetu ataelewa nini? Mahari kwetu ni kile akitoacho mwanamume kwa ajili ya mke wakati wa ndoa, ama akabidhiwe mke mwenyewe ama wazazi wake, kwa kadiri ya dini na desturi ya watu wahusika. Kwa hiyo msomaji ataamini kuwa Washington alimwoa mkewe kwa kutoa watu, na kwamba baadaye aliwanyima uhuru wale wale aliowatoa. Habari hiyo si ya kweli hata kidogo. Watu hao hawakutolewa na Washington, wala hawakupata kuwa mali yake. Kwa neno moja tu historia imepinduliwa juu chini, na watu 153 wamepewa bwana asiye wao.

Haifai kumlaumu mfasiri peke yake. Neno la Kiingereza "dower" hufanana mno na lile lenye maana ya mali iendayo na bibi arusi, na wasemaji wa lugha hiyo wenyewe aghalabu huyachanganya. Lawama nyingine inatuangukia sisi tunaoshughulika na istilahi, kwa kuwa tumezoea kutafuta neno la kulingana na neno, ilhali katika mambo ya sheria kinachotafsiriwa ni kazi ambayo neno lilikuwa likifanya. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa kuzitazama hati za kisheria za familia na wafanyabiashara wa zamani wa Marekani. Tumezichagua hizo kwa sababu walimu na wafasiri wetu wanakutana nazo mara kwa mara katika vitabu vya historia, na pia kwa sababu baadhi yake zilifika hadi pwani yetu.

1. Hati zenyewe

Walowezi wa Kiingereza walioingia Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17 walikwenda na sheria ya kwao na mazoea yake ya kuandika. Ardhi ikiuzwa, hati iliandikwa. Mtu akikopa, akimweka mwanawe kujifunza kazi, akitia shehena chomboni au akiingia ubia na ndugu yake, hati iliandikwa. Akifa, mahakama iliteua watu wa kupita chumba kwa chumba na zizi kwa zizi, wakiorodhesha vitanda, vyungu, ng'ombe, madeni na, mahali pengi, wanadamu, kila kimoja kikitiwa thamani yake kwa fedha. Nakala ilitiwa katika daftari la mahakama, na karatasi nyingine zikabaki katika masanduku ya ukoo.

Masanduku hayo ndiyo yaliyozaa hazina za nyaraka za leo. Chama cha Historia cha Massachusetts, kilicho cha kwanza cha aina yake nchini humo, kilianzishwa mwaka 1791. Karatasi za ukoo wa Brown wa mji wa Providence zimehifadhiwa katika Maktaba ya John Carter Brown na katika Chama cha Historia cha Rhode Island. Za wafanyabiashara wa Salem ziko katika Maktaba ya Phillips, iliyo sehemu ya Jumba la Makumbusho la Peabody Essex.

Msomaji asishangae kuona karatasi za familia na za biashara zimefungwa furushi moja. Katika siku zile kampuni ilikuwa ukoo. Ndugu wanne walikuwa wabia, binamu alikuwa nahodha, mkwe alikuwa wakala katika bandari ya mbali, na mjane alirithi madeni ya mumewe pamoja na duka lake. Kwa hiyo mfasiri wa hati hizi hana budi kuwa na mguu mmoja katika istilahi za mirathi na mwingine katika istilahi za biashara.

2. Hati yenye meno

Tuanze na mfano ambao hauna utata mkubwa. Mkataba wa uanagenzi huitwa kwa Kiingereza "indenture", na ndani ya neno hilo limo jino. Desturi ya asili ilikuwa kuyaandika maneno ya mkataba mara mbili katika kipande kimoja cha ngozi au karatasi, kisha kukikata kwa mstari wenye meno kama wa msumeno. Kila upande ulichukua nusu yake. Ukitokea ugomvi, nusu zililetwa pamoja. Meno yakikubaliana, hati ni ya kweli. Yasipokubaliana, mmoja ameghushi. Baadaye meno yakawa ishara tu, lakini jina likabaki.

Benjamin Franklin alitiwa katika mkataba wa namna hii mwaka 1718, akiwa na miaka 12, ili amtumikie kaka yake James, mpiga chapa wa Boston, hadi atimize miaka 21. Mwaka 1723 wakuu wa koloni walimkataza James kuendelea kulichapisha gazeti lake bila ruhusa yao. Ili gazeti lisife, lilitolewa kwa jina la Benjamin. Lakini gazeti haliwezi kuwa la mwanagenzi aliye chini ya mkataba, kwa hiyo James aliandika nyuma ya hati ya zamani kwamba amemfungua mdogo wake, kisha wakatiliana sahihi ya mkataba mpya wa siri. Walipogombana, Benjamin aliondoka zake, akijua wazi kuwa kaka yake hatathubutu kuitoa ile hati ya siri hadharani. Hati ambayo haiwezi kuonyeshwa haina nguvu, hata kama imetiwa sahihi.

Mkataba wa aina hii ulitumika pia kwa maelfu ya Wazungu maskini waliosafiri kwenda Amerika bila nauli. Waliiuza kazi yao ya miaka kadhaa, mara nyingi minne hadi saba, na ulipokwisha muda wakawa huru. Tafsiri zetu huwaita mara "watumishi", mara "vibarua", mara "watumwa wa mkataba". Jina la mwisho ni baya kuliko yote, kwa sababu linabatilisha kile kilichowatofautisha na watumwa, yaani siku ya mwisho iliyoandikwa katika hati. Tunapendekeza "mtumishi wa mkataba". Nayo hati yenyewe iitwe "hati ya mkataba", na pale umbo lake linapohusika, "hati ya meno".

3. Wasia, wasii na mali ya marehemu

Kiswahili si maskini katika eneo hili. Sheria ya Kiislamu imetupa zamani wasia (au wosia, kama wengine waandikavyo), mirathi, warithi, wasii, wakfu na rehani, na serikali imelihifadhi neno moja la ukoo huo katika jina la Kabidhi Wasii Mkuu. Utajiri huo ni baraka, lakini una mtego wake, kwa kuwa kila neno linakuja na sheria yake mgongoni.

Wasia wa Mwislamu hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi, na mafungu ya warithi yamekwisha kutajwa. Mwenye mali katika makoloni ya Kiingereza hakuwa na mpaka huo. Aliweza kumpa mwana mmoja shamba lote na mwingine shilingi moja, au kuacha nyumba kwa kanisa. Kwa hiyo mwalimu anayesomesha hati hizi hana haja ya kulitupa neno wasia, ila anapaswa kutanguliza sentensi moja ya kueleza kuwa wasia huu hauna theluthi. Asipofanya hivyo, wanafunzi wataona dhuluma mahali ambapo sheria ya nchi ile haikuona, au wataona haki mahali ambapo hapakuwa nayo.

Vivyo hivyo inafaa tutenganishe wasii na msimamizi wa mirathi. Wasii ametajwa na marehemu katika wasia. Msimamizi huwekwa na mahakama pale ambapo marehemu hakuacha wasia. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini baada ya punde tutaona jinsi maisha ya watu wengi yalivyoning'inia juu yake.

Neno jingine la hatari ni "estate". Kwetu limezoeleka kwa maana ya shamba kubwa, kama la mkonge au chai. Katika hati tunazozizungumzia aghalabu lina maana ya jumla ya kile alichoacha marehemu: ardhi, fedha, madeni na watu. Mfasiri anayeandika "Shamba la Custis" atampeleka msomaji mahali fulani penye miti na ua, ilhali hati ilikuwa ikitaja haki zilizotawanyika katika wilaya kadhaa. "Mali ya marehemu Custis" ndiyo tafsiri yake.

4. Fungu la mjane

Sasa turudi kwa wale watu 153.

Martha Dandridge aliolewa kwanza na Daniel Parke Custis, mmoja wa matajiri wakubwa wa Virginia. Custis alifariki mwaka 1757 bila kuacha wasia, na mahakama ikamweka Martha kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa sheria ya Virginia ya wakati huo, mume akifa bila wasia mjane alipata theluthi moja ya ardhi na ya watumwa, lakini si kwa kumiliki. Alipata kuitumia theluthi hiyo maisha yake yote. Asingeweza kuiuza, kuitoa zawadi wala kuiusia. Siku akifa, ilirudi kwa warithi wa mume wa kwanza.

Katika sheria ya Kiislamu mjane hupata thumuni kama marehemu ana mtoto, au robo kama hana, na fungu hilo ni lake kabisa. Akitaka kuuza atauza. Mjane wa Virginia alipata fungu kubwa zaidi lakini lisilo lake. Watu wa pwani wataelewa upesi tukiwakumbusha habari ya mnazi: mtu aweza kupewa haki ya kula nazi zake miaka yote, wala asiwe na ruhusa ya kuukata mti. Hali hiyo ndiyo tunayopendekeza iitwe "haki ya matumizi ya maishani", na sehemu yenyewe iitwe "fungu la mjane".

Martha aliolewa na George Washington mwaka 1759. Watu wa fungu la mjane walihamia Mount Vernon na kuishi pamoja na watu waliokuwa mali ya Washington mwenyewe. Walilima konde moja, wakalala vibanda jirani, wakaoana. Sheria, hata hivyo, haikuacha kuwatenganisha. Tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilikuwa imeamua kuwa mtoto hufuata hali ya mama. Baba akiwa mtu wa Washington na mama akiwa wa fungu la mjane, watoto wote walikuwa wa fungu la mjane, yaani mali ya warithi wa marehemu Custis.

Mwaka 1799 Washington aliandika orodha ya watu wote waliokuwa Mount Vernon. Walikuwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake, 153 walikuwa wa fungu la mjane, na wengine wapatao 40 walikuwa wamekodiwa kwa wenyewe. Orodha hiyo ilitaja majina, umri, kazi, na ni nani ameoana na nani. Tarehe 9 Julai mwaka huo huo aliuandika wasia wake kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ya Virginia ya mwaka 1782 ilikuwa imempa mwenye mtumwa ruhusa ya kumwacha huru kwa hati au kwa wasia, naye aliitumia. Aliagiza watumwa wake waachwe huru baada ya kufa mkewe. Alieleza kuwa alipenda iwe mapema zaidi, lakini watu wake walikuwa wameoana na wale wa fungu la mjane, na hao yeye hakuwa na uwezo wa kuwafungua. Mtu mmoja tu, William Lee, aliyekuwa mtumishi wake wa karibu miaka ya vita, alipewa uhuru papo hapo, pamoja na dola 30 kila mwaka.

Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Martha hakungoja kifo chake. Aliwafungua watu wa mumewe tarehe 1 Januari 1801. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, alifariki yeye. Ndipo watu wa fungu la mjane wakagawanywa kwa wajukuu wake wanne. Tumwombe msomaji asimame hapa kidogo. Mume aliyekuwa huru tangu mwaka 1801 alimwona mkewe na watoto wake wakigawanywa mwaka 1802. Mkono ulioandika wasia ulikuwa umewatenga kwa sababu ya kifo kilichotokea mwaka 1757, cha mtu ambaye wengi wao hawakupata kumwona.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa fungu hilo ambaye hakungoja mgawanyo. Ona Judge, kijakazi wa Martha, alitoroka Philadelphia mwaka 1796, wakati Washington alipokuwa Rais, akaenda kuishi New Hampshire. Washington alijaribu kumrudisha, na alipofariki yeye mwenyewe wasia wake haukumgusa Ona Judge, kwa kuwa hakuwa mtu wake. Mama huyo aliishi hadi mwaka 1848. Alifanya kazi, aliolewa, alizaa, alizika, na kwa sheria alikuwa mali ya warithi wa Custis siku zote hizo.

Hayo yote yamo ndani ya neno moja. Tukiandika "mahari", yanafutika.

5. Mtumishi au mtumwa?

Tatizo la tatu ni la adabu ya lugha. Hati nyingi za zamani, hasa za New England, zilipenda kuwaita watumwa "servants". Mfasiri mwaminifu huandika "watumishi", na msomaji wetu, ambaye anajua mtumishi wa serikali na mtumishi wa Mungu, hana habari kuwa amepitishwa kando ya utumwa.

Kesi moja inaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1781 mwanamke aliyeitwa Bett, aliyekuwa akimilikiwa na John Ashley wa Sheffield, Massachusetts, alimwendea mwanasheria Theodore Sedgwick kudai uhuru wake. Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780 ilikuwa imetamka kuwa watu wote wamezaliwa huru na sawa. Mwanamume mmoja, Brom, aliunganishwa naye katika shauri hilo. Mahakama ilitoa amri ya namna itumikayo kumrudishia mtu mali iliyozuiliwa isivyo haki. Ashley alikataa kuitii, akajibu kuwa hao ni watumishi wake wa maisha. Baraza la wazee wa mahakama lilikutana Great Barrington mwezi wa Agosti, likaamua kuwa Brom na Bett si watumwa, na Ashley akatakiwa kuwalipa shilingi 30.

Tazama maneno yanavyocheza. Mdaiwa anasema "mtumishi", akimaanisha mtumwa. Anachoongeza ni "wa maisha", na hilo ndilo linalobeba uzito wote. Amri iliyotumika ni ya kurudisha mali, ingawa waliodai walikuwa wakidai kuwa wao si mali. Mfasiri akiandika "mtumishi" bila maelezo, shauri zima litageuka kuwa ugomvi wa mfanyakazi na tajiri wake. Akiandika "mtumwa" pale penye maneno ya Ashley, atakuwa amemvua Ashley kifuniko alichojifunikia, na kifuniko hicho nacho ni sehemu ya historia. Kwa hiyo tunaona ni afadhali maneno ya hati yafuatwe yalivyo, "mtumishi wa maisha", na mfasiri aseme katika maneno yake mwenyewe kuwa huyo ni mtumwa.

Upande wa biashara lugha ilikuwa kavu zaidi. Mwaka 1764 Nicholas Brown na nduguze watatu wa Providence, wakiwa wabia, walipeleka jahazi lao Sally pwani ya Afrika ya Magharibi chini ya nahodha Esek Hopkins. Daftari la safari limehifadhiwa. Ndani yake mna pombe iliyotolewa, watu walionunuliwa, na kila kifo kikiwa na nambari yake. Watu 196 walinunuliwa. Wasiopungua 109 walikufa. Daftari hilo halina neno la chuki hata moja. Ni hesabu tu, na mfasiri asiongeze machozi yake ndani yake. Aihesabu kama ilivyo. Msomaji anajua kusoma nambari.

Mmoja wa ndugu hao, Moses Brown, aliwaacha huru watumwa wake kwa hati mwaka 1773, na baadaye akawa mpinzani mkubwa wa biashara hiyo. Hati kama ile kwa Kiswahili ina jina lake tayari. Watu wa pwani waliiita hati ya uhuru, na hatuoni sababu ya kubuni jina jingine.

6. Hati za wafanyabiashara na pwani yetu

Jina la Moses Brown linatuongoza njia ya nyumbani. Mwaka 1790 watu wa nyumba yake waliingia ubia na Samuel Slater, fundi kutoka Uingereza, kusokota pamba kwa mashine huko Pawtucket. Viwanda vya namna hiyo vikaenea New England, vikila pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Sehemu ya kitambaa chao, kile kigumu kisichopaushwa, wafanyabiashara wa Salem walikileta Unguja. Waswahili wakakiita merikani.

Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts alitiliana sahihi na Sayyid Said bin Sultan, huko Maskati, mkataba wa urafiki na biashara uliowawekea Wamarekani ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard P. Waters wa Salem alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza, na hapo hapo akiwa mfanyabiashara. Karatasi zake zimo katika hazina ya Salem tuliyoitaja. Zinaonyesha merikani ikishuka, na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi zikipanda. Zinaonyesha shughuli zake na Jairam Shivji, mkuu wa forodha. Zinaonyesha maagizo kwa manahodha, hati za uwakala, hati za shehena na hesabu za madeni.

Kwa nini tunalieleza jambo hili katika jarida la istilahi? Kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya biashara ya zamani ya Wazungu, na kwamba hatuna budi kukopa. Lakini biashara ile ilifanywa hapa, forodhani, na watu wenye maneno yao. Wakala, dhamana, rehani, shehena, ushuru, ubia, hundi na forodha yalikuwa yakitumika katika soko lile lile na katika mapatano yale yale. Hundi, kwa mfano, ambayo leo tumeifungia katika benki, ilifika kwetu na Wahindi ikiwa na maana ya hati ya kumwagiza mtu wa mbali alipe fedha. Maana hiyo ya kale inalingana vizuri kabisa na hati za fedha walizopelekeana wafanyabiashara wa Boston na London. Tunaweza kuirudisha kazini badala ya kubuni.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawatolea wasomaji istilahi zifuatazo kwa mjadala:

Fungu la mjane: sehemu ya mali ya mume aliyefariki ambayo mjane ana haki ya kuitumia maishani mwake tu. Isichanganywe na mahari.

Haki ya matumizi ya maishani: haki ya kufaidi mali bila kuimiliki, nayo hukoma kwa kifo cha mwenye haki.

Mali ya marehemu: jumla ya haki, vitu na madeni aliyoacha mtu. Isiitwe shamba wala milki, isipokuwa hati yenyewe inataja ardhi.

Wasii: aliyetajwa katika wasia kuutekeleza.

Msimamizi wa mirathi: aliyewekwa na mahakama pale pasipo wasia.

Orodha ya thamani: hesabu ya mali ya marehemu iliyofanywa kwa amri ya mahakama.

Mtumishi wa mkataba: aliyefungwa kutumika kwa muda uliotajwa.

Mtumishi wa maisha: maneno ya hati yenye maana ya mtumwa; yafuatwe na maelezo ya mfasiri.

Hati ya uhuru: hati ya kumwacha mtumwa huru.

Hundi: katika hati za kabla ya karne ya 20, agizo la maandishi la kulipa fedha.

Hatudai kuwa orodha hii imekamilika. Wenzetu wa mahakama wanaweza kuwa na neno lililo bora kuliko fungu la mjane, na walimu wanaweza kutuambia lipi linaeleweka darasani. Tutashukuru tukiletewa maoni kabla istilahi hizi hazijapelekwa katika kikao cha kusanifisha.

Tumalizie kwa yule Bett. Baada ya kushinda shauri lake alijiita Elizabeth Freeman, akafanya kazi ya ujira katika nyumba ya Sedgwick, akanunua mahali pake mwenyewe. Alifariki mwezi wa Desemba 1829. Hakujua kuandika, lakini aliacha wasia, na mali yake ikawaendea binti yake na wazao wake. Kama asingelikwenda kwa mwanasheria mwaka 1781, jina lake pengine lingeonekana katika karatasi za mahakama katika orodha ya thamani ya mtu mwingine, kati ya ng'ombe na vyombo. Sasa linaonekana juu ya wasia, mahali pa mwenye mali. Mfasiri atakayeupata wasia huo atumie neno wasia bila kusita.